Duara kubwa kwenye sahani si dawa: kupima miti ya Pwani dhidi ya bakteria sugu

Pipeti_Tudor (mleta uzi)

Salaam wadau. Ripoti za miradi ya miti shamba hapa Mombasa zafanana mno: majani ya mwarobaini, ganda la komamanga, gome la mkoko, halafu picha ya sahani yenye duara safi katikati ya bakteria. Chini yake: "imeua MRSA, milimita 18". (MRSA ni Stafilokokasi, bakteria wa ngozi na usaha, aliyeshinda dawa za jamii ya penisilini.) Baadaye utaisikia namba hiyo hiyo ikinadiwa sokoni pamoja na chupa.

Hebu tuipigie hesabu. Kawaida mtu hutoboa tundu kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), akatia mikrolita 100 za dondoo (kilichokamuliwa kwenye mti) yenye miligramu 100 kwa kila mililita. Hapo ametia miligramu 10, yaani mikrogramu 10,000. Diski ya cefoxitin (kikaratasi chenye antibayotiki) aliyoiweka pembeni ya kulinganishia ina mikrogramu 30. Amemwaga zaidi ya mara 330 ya dawa ya hospitali, na duara bado ni dogo kuliko lile la diski. Halafu aandika "inakaribia antibayotiki".

Ubaya wa pili ni kwamba upana wa duara wapima mambo mawili kwa pamoja: ukali wa kemikali na wepesi wake wa kutembea ndani ya agari. Mafuta ya karafuu hayapendi maji, hivyo hayaendi mbali hata yakiwa makali. Kitu hafifu chenye molekuli ndogo inayoyeyuka vizuri kitakupa duara la kujivunia. Ukimwaga agari nyembamba, duara lapanuka. Ukiimwaga nene, lasinyaa. Kipimo ni milimita 4, kama mililita 25 kwa sahani ya milimita 90, na sahani iwe juu ya meza iliyo sawa, isilale upande.

Kwa hiyo tumia duara kuchuja tu: huu tuendelee nao, huu tuuache. Namba ya kuandika kwenye ripoti ni MIC, kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua kwenye mchuzi. (Mchuzi wa Mueller-Hinton. Msicheke, ndilo jina.)

Naanza na mti, kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu kabla hawajagusa pipeti.

Kuchuma: ngoja umande ukauke, saa tatu au nne asubuhi. Kata pia tawi lenye maua au matunda, libane kwenye magazeti, andika tarehe, mahali, na jina alilokupa mwenyeji, kisha lipeleke likatambuliwe na kupewa namba ya hifadhi. Herbaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea mikavu, iko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Bila namba hiyo hakuna atakayeweza kurudia kazi yako. Mwarobaini wenyewe, Azadirachta indica, huchanganywa na Melia azedarach. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, vijani viwili viwili kwenye uti mmoja. La Melia limegawanyika mara mbili, na maua yake ni ya zambarau badala ya meupe. Matunda ya Melia ni sumu, kwa hiyo kosa hili si la jina tu.

Kukausha: kivulini, tabaka lisizidi sentimita 2 au 3, feni ikipuliza, geuza asubuhi na jioni. Pima uzito kila siku. Ukibaki ule ule siku mbili mfululizo na jani likavunjika kwa kulia, basi. Hapa kwetu hewa ina unyevu, na katika masika majani huota ukungu kabla hayajakauka. Hapo tumia oveni nyuzi 40, usipite. Yakinuka uvundo yatupe yote, wala usichague "yaliyo mazima". Ukungu nao hutengeneza viua bakteria vyake. Penisilini yenyewe ilitoka kwa ukungu, kwa hiyo unaweza kuusifu mti kwa kazi ya mgeni aliyeuvamia.

Kukamua: gramu 50 za unga kwenye mililita 500 za methanoli ya asilimia 80, kwenye mashine ya kutikisa kwa saa 24. Chuja kwa melimeli kwanza, kisha karatasi ya Whatman namba 1. Rudisha makapi kwenye methanoli mpya, mara tatu kwa jumla. Vukiza kwa mashine ya mvukizo wa shinikizo dogo, maji yake yakiwa nyuzi 40. Kisha pima: ukipata gramu 4 kavu kutoka gramu 50, zao lako ni asilimia 8. Namba hiyo iandike, tutaihitaji. Endelea kukausha hadi uzito usibadilike, maana methanoli iliyobaki huua bakteria kwa niaba ya mti wako.

Hatua ya sahani naleta kwenye posti ya pili.

---

NyotaYaKongowea

Mwalimu, mbona hutaji maji? Anayetumia mwarobaini nyumbani huchemsha, hana methanoli. Ukimpimia mwenyeji dawa asiyoitumia, umempimia nini?

---

Pipeti_Tudor

Hoja yako ni ya haki. Kama swali lako ni "je, ile chai wanayokunywa ina nguvu?", basi pima chai: gramu zile zile, maji yale yale, dakika zile zile wanazochemsha, na uandike hivyo. Kama swali ni "je, ndani ya jani mna kemikali inayoua bakteria?", maji peke yake hayatoshi. Huvuta sukari, chumvi, protini na tanini, na kuviacha vingi visivyopenda maji. Na dondoo la maji lisipokaushwa kwa kugandishwa siku hiyo hiyo huchacha. Kesho yake mna bakteria wake mwenyewe.

Moto nao una yake. Kitunguu saumu hakina alisini hadi ukiponde, ndipo kimeng'enya chake kikutane na aliini. Ukikitia kwenye maji yanayochemka kikiwa kizima, kimeng'enya kimekufa na alisini haizaliwi. Kiponde, kiache kama dakika 10, kisha ndiyo uendelee.

Mfano mkubwa ni artemisinini, ingawa hiyo ni ya malaria, si ya bakteria. Tu Youyou na wenzake nchini Uchina walipata matokeo yasiyoeleweka walipotumia joto. Maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, yalisema mmea uloekwe na kukamuliwa, si kuchemshwa. Wakahamia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, na mwaka 1971 dondoo likafanya kazi. Nobeli ilikuja 2015. Kwa hiyo maneno ya mzee anayejua mti yaandikwe neno kwa neno: aliloeka au alichemsha? Mbichi au kavu? Usiweke "dekoksheni" (dawa ya kuchemshwa) mahali pa kila kitu.

---

Dada_Agari

Mie naongeza kuhusu bakteria, kwa sababu neno "sugu" latumika ovyo.

Stafilokokasi aliyeshinda penisilini si lazima awe MRSA. Wengi mno huishinda penisilini kwa kimeng'enya cha kuikata tu. MRSA ana jeni mecA inayomtengenezea protini nyingine ya kujengea ukuta, PBP2a, ambayo dawa za jamii ya penisilini haziishiki. Mthibitishe kwa diski ya cefoxitin ya mikrogramu 30: duara la milimita 21 kushuka ni MRSA, 22 kwenda juu si MRSA. Kwa E. coli na Klebsiella, bakteria wa utumbo, wenye vimeng'enya vya ESBL (hukata dawa nyingi za jamii ya penisilini na sefalosporini), weka diski ya cefotaxime mikrogramu 30, na ya pili yenye cefotaxime hiyo hiyo pamoja na asidi ya klavulaniki mikrogramu 10. Duara la pili likizidi la kwanza kwa milimita 5 au zaidi, ndiye.

Weka pia wale wa kulinganishia wanaojulikana, kwa namba zao za ATCC, hifadhi ya bakteria ya Marekani: S. aureus (ndiye huyo Stafilokokasi) ATCC 29213, E. coli ATCC 25922, Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853, na kwa MRSA ATCC 43300. Dawa ya hospitali ikitoa MIC iliyo nje ya mipaka iliyoandikwa kwa bakteria hao, sahani yote ni ya kutupa, hata kama mti wako "umefanya vizuri".

Na msitarajie usawa. Dondoo likizuia Stafilokokasi kwa mikrogramu 250, E. coli yule yule wa jirani hata 1000 asishtuke. Ana utando wa nje usiopitisha vitu vingi, na nyuma yake pampu ya AcrAB-TolC ikisukuma nje kidogo kilichopenya. Pseudomonas ni mbaya zaidi. Ripoti inayosema mti umewaua wote kwa kiwango kimoja inanifanya nimtazame kwanza DMSO, kiyeyusho cha dondoo, sio mti.

Halafu tafadhali: kazi hii ni ya maabara ya usalama wa daraja la pili, yenye kabati la usalama na otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu). Jikoni hapana.

---

Pipeti_Tudor

Ahsante Dada. Sahani sasa.

Yeyusha miligramu 100 za dondoo kwenye mililita 1 ya DMSO. Chukua mikrolita 20 za hiyo, ongeza mikrolita 980 za mchuzi: una miligramu 2 kwa mililita, na DMSO asilimia 2. Ukishaongeza bakteria vyote hupungua nusu, ndiyo maana tunaanza mara mbili.

Sahani ya visima 96. Safu ya 1 tia mikrolita 200 za mchanganyiko huo. Safu ya 2 hadi 10 tia mikrolita 100 za mchuzi mtupu. Hamisha mikrolita 100 kutoka 1 kwenda 2, changanya kwa kuvuta na kusukuma mara tano au sita bila kutoa povu, badilisha ncha, endelea hadi 10, mikrolita 100 za mwisho zitupe. Asiyebadilisha ncha hubeba dondoo nata ukutani mwa ncha, na MIC yake hutoka ndogo kuliko ukweli. Safu ya 11 ni mchuzi wenye DMSO asilimia 2, ambao utashuka kuwa 1, utakaopata bakteria bila dondoo. Safu ya 12 ni mchuzi peke yake. Tena acha mstari mzima wa dondoo usiotiwa bakteria. Umuhimu wake utaonekana jioni ya pili.

Bakteria: koloni 3 hadi 5 za usiku mmoja kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.85, linganisha na McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa maji yenye bakteria), ambayo ni kama milioni 100 hadi 200 kwa mililita. Tia mikrolita 100 za hiyo kwenye mililita 9.9 za mchuzi, sasa ni kama milioni 1. Mikrolita 100 kila kisima, safu 1 hadi 11, zikikutana na mikrolita 100 zilizomo una kama 500,000 kwa mililita. Dondoo sasa ni mikrogramu 1000, 500, 250, 125, 62.5 na kuendelea hadi karibu 2. Nyuzi 35, saa 16 hadi 20.

Hakikisha idadi: mara tu baada ya kutia, vuta mikrolita 10 kutoka kisima cha safu ya 11, tia kwenye mililita 10 za maji ya chumvi, paka mikrolita 100 kwenye agari. Kesho yake utarajie koloni kama 50. Ukiona 5, bakteria walikuwa wachache na mti umeonekana mkali bure. Ukiona zulia, kinyume chake. Hatua hii ni ya dakika mbili na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

---

Kibokoni47

Dondoo langu la majani ni kijani kizito. Asubuhi siwezi kujua kisima kipi kimechafuka na kipi ni rangi ya jani tu. Nimesoma juu ya resazurini, rangi ya kuonyesha bakteria walio hai. Yasaidia?

---

Dada_Agari

Yasaidia, ila ina mtego. Wengi hutia mikrolita 30 za resazurini ya asilimia 0.015 baada ya usiku, kisha husubiri saa 2 hadi 4. Bluu ikibaki, bakteria hawapumui. Ikigeuka waridi, wapo hai. Mtego ni kwamba fenoli za mimea nazo huweza kuigeuza rangi bila bakteria yeyote. Ndiyo kazi ya ule mstari usio na bakteria aliousema Mwalimu. Ukigeuka waridi nao, resazurini haikufai kwa mti huo.

Njia isiyodanganya: vuta mikrolita 5 kutoka kila kisima, dondosha kwenye agari tupu iliyochorwa miraba kwa nyuma, acha usiku. Doa likiota, walikuwa hai. Lisipoota hata koloni, ujue dondoo limewaua, halikuwazuia tu. Hicho ndicho kiwango cha kuua; cha kuzuia bado husomwa kwenye kisima, maana waliozuiwa tu nao huota kwenye agari tupu. Cha kuua kikiwa hadi mara nne ya cha kuzuia, twasema dondoo laua.

---

Maganda

Mmetaja gome la mkoko na ganda la komamanga mkapita haraka. Hapo pana shimo refu.

Gome la Rhizophora mucronata lilitumika kulainisha ngozi za wanyama kwa sababu moja tu: tanini. Tanini hushika protini, kila protini. Ukiitia kwenye mchuzi, ambao umejaa protini za nyama na maziwa, itazishika na kuziangusha. Tazama kisima cha safu ya 1 dakika chache baada ya kuchanganya: yaanza kuwa na ukungu kama maji ya tui, kisha chembe za hudhurungi zatua chini. Hakuna bakteria aliyewahi kukua kwa dakika 10. Mgeni ataandika "imeota". Mwingine ataona hakuna kinachoota kwenye agari na kuandika "imeua", kumbe tanini imewanyima bakteria chakula na chuma, na imewavika koti. Hiyo si dawa ya MRSA, maana itamvika koti hilo hilo mtu aliyemeza.

Kupima: tone moja au mawili ya kloridi ya feri kwenye dondoo lililozimuliwa. Bluu-nyeusi au kijani kizito, ipo. Kuondoa: pitisha dondoo kwenye poliamidi au PVPP, unga unaonasa tanini, chuja, kausha, pima zao upya, rudia MIC. Ikipanda kutoka 125 kwenda zaidi ya 1000, nguvu yote ilikuwa tanini. Ikibaki 125 au 250, mna kitu kingine ndani, na hapo ndipo kazi inaanza kuwa tamu.

Komamanga simtupi. Punikalajini ya ganda lake ni tanini pia, lakini kwa kusukutua mdomo au kupaka ngozi, tanini si tusi. Tatizo ni kuiita antibayotiki ya kumeza.

---

mfamasia_wa_zamu

Nachukua hapo alipoacha Ami Maganda, kwenye kumeza. Mwalimu alisema tuandike zao, asilimia 8. Tuitumie.

Tuseme MIC ni mikrogramu 250 kwa mililita, ambayo watu huipigia makofi. Mtu wa kilo 70 ana maji mwilini kama lita 42. Ili kila mililita ifike 250, zatakiwa gramu 10.5 za dondoo. Kwa zao la asilimia 8, hizo ni gramu 131 za unga mkavu. Jani bichi likiwa na maji asilimia 70, ni zaidi ya gramu 400 za majani mabichi, kwa dozi moja, na tumekadiria kwamba utumbo umepitisha yote, ini halijavunja chochote na figo haijatoa tone. Hakuna anayekunywa hivyo, na akinywa ini lake litakuwa la kwanza kulalamika.

Ndiyo maana wanaochambua mimea huweka mipaka: dondoo ghafi chini ya mikrogramu 100 ni la kutiliwa maanani, 100 hadi 625 ni wastani, juu ya hapo ni hafifu. Kemikali moja iliyotengwa ishuke chini ya 10. Mtu akikuletea MIC ya "miligramu 25 kwa mililita", hiyo ni 25,000. Hata chumvi ya mezani ina siku zake nzuri kwenye viwango vizito.

Geuza upande sasa. Marhamu ya asilimia 5 ina miligramu 50 kwa gramu, yaani mara 200 ya MIC ile ile ya 250, na yakaa pale pale kwenye ngozi. Kwa hiyo miti mingi yetu njia yake ni kupaka na kusukutua, na ndiko ningeweka nguvu. Ila jaribu MIC yako tena ukiongeza seramu kwenye mchuzi, kwa sababu kidonda kina usaha na usaha ni protini. Na unga mbichi wa majani usinyunyizwe kwenye kidonda kamwe. Udongo ulioshika majani hubeba mbegu za pepopunda.

Usalama haupimwi kwa "wazee wametumia". Pima sumu kwenye seli, kwa mfano seli za Vero (za figo ya nyani) kwa njia ya MTT (rangi inayoonyesha seli zilizo hai). Gawanya kiwango kinachoua nusu ya seli kwa MIC: ikizidi 10, una nafasi ya kuendelea. Ikiwa 1 au 2, una sumu inayoua kila kitu pamoja na bakteria. Saponini, kemikali za mimea zitoazo povu, hupasua chembe nyekundu za damu, nayo ipimwe. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwaletea watoto wachanga kutapika, degedege na madhara ya ubongo, mtoto asinyweshwe. Hina ina losoni, ndiyo rangi yake, na mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao uko Pwani yetu kwa sababu ya historia ya malaria, damu yake yaweza kuvunjika, hasa mtoto mchanga aliyepakwa mwili mzima.

---

NyotaYaKongowea

Basi kwa hesabu hiyo mbona tusiache miti tukarudi madukani?

---

mfamasia_wa_zamu

Kwa sababu dukani nako kwaisha. Makadirio yaliyochapishwa 2022 yalisema usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Na antibayotiki nyingi tulizonazo zilitoka kwa ukungu na bakteria wa udongoni, hasa Streptomyces, kisima ambacho kimechotwa sana. Mimea haijachotwa vile. Ila mgonjwa mwenye homa ya damu leo asiachishwe dawa ya hospitali kwa sababu ya uzi huu.

---

Maganda

Na kuna njia ya tatu: mti usiue, usaidie.

Mfano wenyewe ni wa 2000. Mimea ya jamii ya Berberis ina berberini, ambayo peke yake ni hafifu kwa Stafilokokasi kwa sababu pampu yake ya NorA huitapika nje. Ndani ya mimea hiyo hiyo ikapatikana kemikali ya pili, 5'-methoksihidnokapini, isiyoua chochote, lakini huziba pampu. Zikiwa pamoja, berberini yabaki ndani na kufanya kazi. Mtafiti aliyekuwa akitenga kemikali moja moja na kutupa "zisizo na nguvu" angeitupa hiyo.

Kupima: sahani ya miraba. Antibayotiki izimuliwe kuelekea kulia, dondoo kuelekea chini, kila kisima kina mchanganyiko wake. Tuseme ciprofloxacin peke yake MIC ni 8, pamoja na dondoo yashuka 1. Dondoo peke yake ni 500, pamoja ni 125. Gawanya: 1 kwa 8 ni 0.125, 125 kwa 500 ni 0.25, jumla 0.375. Ikiwa 0.5 au chini, zasaidiana. Juu ya 0.5 hadi 4, hakuna cha kusema. Juu ya 4, zapigana, na hiyo nayo ni habari muhimu kwa mgonjwa anayechanganya dawa na chai kimya kimya. Msishangilie 0.5 kamili iliyotokea mara moja: MIC huyumba kisima kimoja juu au chini hata mikono ikiwa mizuri.

---

Kibokoni47

Ami, na mafuta ya karafuu na mchaichai? Nimeona hata mstari wangu wa mti mwingine kabisa, ulio jirani, haukuota kitu.

---

Maganda

Mvuke huo. Mafuta haya hupaa na kuua jirani. Usiweke mafuta na dondoo la kawaida kwenye sahani moja, na funika kwa karatasi ya kunata inayoziba kila kisima, si kifuniko tu. Hata safu ya 11 ya sahani hiyo usiiamini. Weka ya kulinganishia kwenye sahani nyingine. Mafuta hayachanganyiki na mchuzi, kwa hiyo tia Tween 80, kiunganishi cha mafuta na maji, kiasi cha asilimia 0.5, tikisa kwa nguvu, tumia papo hapo kabla hayajaelea. Na Tween peke yake iwe na kisima chake. Kwenye karafuu sehemu kubwa ya mafuta ni yujenoli, ile ile ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki. Ikiwa nzito huchoma utando wa mdomo.

---

Dada_Agari

Ukitaka kujua ni kemikali ipi kati ya mia inayofanya kazi, kabla ya kununua mashine ghali, fanya kromatografia ya sahani nyembamba. Dondosha mikrogramu 100 hivi za dondoo kwenye sahani ya silika ya 60 F254, ipandishe kwa viyeyusho, acha ikauke vizuri hadi harufu iishe, kisha mwagia tabaka jembamba la agari yenye bakteria. Baada ya usiku nyunyizia INT, rangi inayogeuzwa na bakteria walio hai. Walipo hai pageuka wekundu wa damu ya mzee; palipo na kemikali yenye nguvu pabaki mstari mweupe, mwembamba kama ukucha. Pima umbali wake, rudi kwenye sahani pacha isiyotiwa bakteria, ukwangue hapo hapo.

Sahani hii pia hufichua udanganyifu. "Dawa ya miti" ya chupa ikitoa mstari mmoja mkali ulio sawa kwa umbali na antibayotiki ya dukani uliyoiweka kando yake, kuna aliyesaga tembe ndani.

---

mfamasia_wa_zamu

Vibali kwa ufupi, kwa wanaoanza: leseni ya utafiti NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha kutumia rasilimali za kijenetiki na makubaliano ya kugawana faida na wenyeji, kibali cha huduma ya misitu kwa mikoko. Misitu ya Kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, ina wazee wake. Mazungumzo yaanze nao, si na panga. Bakteria waliotoka kwa wagonjwa hupitia kamati ya maadili.

---

Kibokoni47

Swali la mwisho kwangu. Stima ikipotea usiku sahani zikiwa kwenye inkubeta, matokeo yafaa?

---

Pipeti_Tudor

Inategemea safu ya 11. Usifungue mlango, joto hukaa saa kadhaa. Chumba cha hapa hakishuki sana, bakteria hawatakufa, watachelewa tu. Asubuhi safu ya 11 ikiwa na uchafu mzito kama kawaida na dawa ya kulinganishia imetoa MIC yake ndani ya mipaka, soma. Safu ya 11 ikiwa hafifu, usiongeze saa uokoe sahani: dondoo nyingine huvunjika kadiri zinavyokaa na bakteria hupata muda wa kupona. Rudia. Utahitaji marudio matatu ya siku tofauti hata hivyo, visima vitatu kila siku, na ya siku ya stima isihesabiwe. Halafu weka kopo la maji chini ya inkubeta, na sahani zisizidi nne kwa rundo. Visima vya pembezoni hukauka kwanza, dondoo hukolea humo, na safu ya 1 iko pembezoni.